Jumatano za Tage

Kama umewahi kumkuta Tage Lindegaard amesimama kando ya barabara ya Ringe, ameshika baiskeli, ameyakodolea macho mawingu kana kwamba anasubiri jibu kutoka huko, basi umemjua nusu. Nusu ya pili ni kwamba hakuwa mvivu hata kidogo. Umri wake wote wa kazi aliendesha lori la maziwa, akizunguka mashamba ya kisiwa chetu cha Fyn, huku Denmark, alfajiri na mapema, na hakuna siku maziwa ya mtu yalichacha kwa uzembe wake. Mikono yake iliijua kazi. Ni akili tu iliyokuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga.

Mkewe, Gudrun, alilielewa hilo mapema kuliko watu wote. Pale kwenye kiwanda cha maziwa alikofanya kazi, baiskeli za wafanyakazi zilikuwa nyeusi zote, na Tage aliwahi kurudi nyumbani na baiskeli ya mwenzake, akiwa na furaha tele, hajui lolote. Alirudia tena. Aliporudia mara ya tatu Gudrun hakumfokea. Alichana ukanda wa kitambaa cha buluu, akaufunga kwenye usukani wa baiskeli ya mumewe kwa fundo la maana, akamwambia, "Ukiona buluu, panda." Tangu siku hiyo kila kitu cha Tage kilikuwa na kitambaa cha buluu: mwavuli, kofia, kopo la chakula, hata ndoo. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Yeye aliona fahari, maana kila alipokigusa kile kitambaa alikumbuka kwamba kuna mtu anayemfikiria.

Gudrun alifariki, na vile vitambaa vikachakaa vikadondoka kimoja baada ya kingine. Nyumba ikawa kimya kiasi cha kusikia friji ikianza kuunguruma na kunyamaza. Kwa hiyo binti yake, Solvej, aliposema kwamba likizo yake ya uzazi inakwisha, na kwamba mlezi aliyempata hafanyi kazi siku za Jumatano, moyo wa Tage ulishtuka kwa matumaini. Villads, mjukuu wake wa kiume, alikuwa bado wa kubebwa. Tage alizitaka hizo Jumatano kwa kufa na kupona.

"Niachie mimi," alimwambia Solvej.

"Tutaona, Baba," Solvej alijibu.

Kwetu mtu akisema tutaona, amekukatalia kwa adabu. Tage alilijua hilo. Lakini mwezi wa Mei, Karla, dada yake Villads, alipotimiza miaka saba na kudai ahadi yake ya kupelekwa kutembezwa mji mkuu, Copenhagen, Solvej alimpigia baba yake simu na kumwambia aje nao. Tage alivaa koti lake zuri. Alijua kabisa kwamba anakwenda kuangaliwa, na kwamba Jumatano zake zitaamuliwa siku hiyo.

Walipanda treni stesheni ya Nyborg asubuhi, na treni ikakimbia darajani juu ya bahari kwa muda, kisha ikazama kwenye handaki chini yake. Madirisha yakawa meusi.

"Babu," Karla alisema, ameweka pua kwenye kioo, "samaki wako juu yetu sasa hivi?"

"Wako juu. Wanatuangalia wanaulizana, hawa nao wanakwenda wapi?"

"Na sisi tunawajibu nini?"

"Tunasema tunakwenda kuona mji. Wao wanasema, mtuletee soseji."

Solvej alicheka, na Tage akahesabu kicheko kile upande wake.

Copenhagen ilikuwa imeoga. Sijui niseme vipi vinginevyo. Jua la Mei lilikuwa limekaa juu ya mapaa ya shaba yaliyogeuka kijani kwa uzee, baiskeli zilipita kwa wingi, kengele zao zikilia taratibu, na kila mfereji ulirusha mwanga wake chini ya madaraja ukacheza pale juu kwenye mawe. Tage hakuwa amefika huko tangu fungate. Basi Gudrun alikuwa kila mahali. Alikuwa amekaa ukingoni mwa mfereji, viatu mkononi. Alikuwa kwenye kona, ameshika kofia isipeperushwe na upepo. Alikuwa ndani ya duka la mikate, anachagua bila haraka, na foleni nzima inamsubiri. Tage hakuhuzunika. Alitembea nyuma ya wenzake kidogo, akitabasamu huku na huku, na kama mguu wake uligusa ardhi mimi siwezi kuapa.

"Mzee mwili uko na sisi," alisema Esben, mkwewe, mtu ambaye hajawahi kupitwa na nafasi ya utani. "Roho ameisahau kwenye treni."

"Itakuja na treni ya pili," Tage alijibu.

Waliwaona askari wa jumba la malkia na mfalme wakibadilishana zamu na kofia zao za manyoya marefu. Karla alimuuliza mmoja kama anaruhusiwa kupiga chafya, askari akatazama mbele kama ukuta, lakini shavu lake lilicheza. Walikula soseji nyekundu kwenye kibanda cha magurudumu, wamesimama, haradali ikiwachuruzika vidoleni. Muda wote huo Villads alilala ndani ya kigari chake.

Hicho kigari nacho kina maneno. Kilikuwa cha kijivu, magurudumu makubwa, paa la kukunjwa, na kitambaa chepesi cheupe cha kumkinga mtoto na jua. Solvej alikichagua kwa sababu ndicho kila mzazi alichokichagua mwaka ule. Sisi ndivyo tulivyo. Mtu akinunua kigari chekundu watu watauliza anajiona nani.

Mchana walifika kwenye Mnara wa Mviringo, ule ambao mtu anaupanda kwa njia pana inayozunguka na kuzunguka mpaka juu. Solvej alisimama mlangoni. Akautazama mnara, akakitazama kigari, akamtazama baba yake.

"Amelala," alisema.

"Fofofo," Tage alisema.

"Sitaki kumwamsha."

"Usimwamshe. Nendeni mkauone mji, mimi nipo."

"Mwachie mzee," Esben alisema. "Mtoto mwenyewe kalala. Kosa gani litafanyika hapo?"

Solvej bado alikuwa ameshika kigari. "Baba, unanisikia lakini? Hapa hapa, nje ya mkahawa huu. Akilia, mbembeleze. Akiamka, maziwa yako kwenye mfuko wa chini."

"Maziwa? Mimi nimebeba maziwa umri wangu wote, mwanangu."

"Baba."

"Nimesikia."

Akaachia. Aliingia mnarani akigeukageuka, mpaka Karla akamvuta mkono.

Nje ya mkahawa, chini ya ukuta wenye jua, vigari vilikuwa vimepangwa safu na watoto wamelala ndani yake, wazazi wakiwa ndani na vikombe vyao. Mtoto wa kwetu hulala nje, baridi au joto, na bibi na madaktari wamekubaliana kwamba ndivyo mapafu yanavyokua. Hakuna anayewaza wizi. Mtoto akilia, anayepita karibu atamtikisa kidogo na kuendelea na safari yake. Tage alikiweka kigari cha Villads mwisho wa safu, akafunga breki, akachungulia. Aliiona pua tu, pua ya Gudrun kabisa. Akaingia ndani, akanunua kahawa, akakaa dirishani akilinda.

Na alilinda kweli, nisimsingizie. Alilinda mpaka kahawa ilipofika nusu. Ndipo wingu moja jeupe lilipojitenga na wenzake likaanza kupita nyuma ya mnara, polepole sana, na Tage akataka tu kuona litatokea upande wa pili likiwa na umbo gani. Wakati huo huo mama mmoja kijana alikuja na kigari chake, cha kijivu, akakiegesha mwisho wa safu na kuingia ndani kwa rafiki zake. Wingu lilitokea upande wa pili. Lilifanana na ng'ombe aliyelala.

Kisha kutoka nje ikasikika sauti ya mtoto anayeguna usingizini. Tage akasimama mara moja, akatoka, akaenda kwenye kigari cha mwisho. Hakufunua kitambaa, asije akaingiza jua. Alitikisa. Mtoto aliguna tena. Kila mtu anajua kwamba dawa ya mguno huo ni magurudumu, basi Tage akafungua breki akasukuma hatua chache, na mtoto akatulia. Alipojaribu kugeuka, mtoto akaguna. Alipokwenda mbele, akatulia. Hivyo ndivyo walivyokwenda mpaka Bustani ya Mfalme, ambayo haiko mbali, na kusema kweli Tage hakupinga sana.

Chini ya miti iliyopandwa safu mbili, majani yakiwa machanga bado na mwanga wa kijani ukichuja mpaka chini, alitembea na kuongea. Ilikuwa muda mrefu hajaongea na mtu kwa kiasi kile.

"Sasa sikiliza, bwana mdogo. Nikienda kwenye mashamba ilikuwa giza, na kila shamba lilikuwa na mbwa wake. Mbwa wa kwa Frode alikuwa mkali kwa watu wote isipokuwa mimi, kwa sababu nilinukia maziwa. Bibi yako alisema nanukia kama ndama. Alinipenda hivyo hivyo. Nilimpata dansini, nikamwomba tucheze, halafu muziki ukaisha nami nikaendelea kucheza, sikujua. Wenzangu walikufa kwa kicheko. Yeye akaendelea na mimi. Watu wote wamesimama wanatutazama, hakuna muziki, na yeye anazunguka na mimi tu. Siku za Jumatano nitakuonyesha mahali penyewe. Sasa hivi wanauza matairi, lakini sakafu ni ile ile. Na tutakwenda kutazama ng'ombe wakitolewa nje baada ya majira ya baridi, wanaruka kama wendawazimu, wamama wazima wanaruka! Mimi sikuwa na mtu wa kumwambia haya, unajua. Friji nimeshaiambia yote."

Kwenye kigari kukasikika kicheko kidogo. Tage akasimama. Akafunua kitambaa akiwa tayari ameshatabasamu.

Mtoto wa kike alimtazama. Alikuwa na nywele nyekundu kama karoti na meno mawili, na alikuwa amefurahishwa sana na habari za ng'ombe.

Tage alibaki ameshika kitambaa kile hewani.  Ndege waliendelea kuimba, watu waliendelea kulala kwenye nyasi, na yeye aliona bustani nzima ikisogea mbali naye. Villads. Villads alikuwa wapi? Mwisho wa safu. Lakini mwisho wa safu ulikuwa hapa, mikononi mwake, una nywele nyekundu.

Aligeuza kigari. Hakukimbia, kwa kuwa mtoto wa watu hakimbizwi, lakini alitembea kama hajawahi kutembea, na mara hii hakuliona wingu hata moja. Njiani mawazo mawili yalimwandama. La kwanza lilikuwa: Mungu, awepo. La pili lilikuja baada ya kona, taratibu, kama mtu anayejipenyeza foleni: akiwepo, hakuna atakayejua.

Alikuwepo. Kigari kilikuwa pale pale kilipoachwa, breki imefungwa, na ndani yake pua ile ile, na usingizi ule ule.  Tage alikuwa ameanza tu kukirudisha kigari cha yule binti mwisho wa safu ndipo mama kijana alipotoka, nywele zake nyekundu vile vile.

"Ee, umenibembelezea?" alisema, uso umechangamka. "Asante sana, mzee. Una moyo."

Hapo palikuwa na mlango wazi, na Tage angeweza kupita akaenda zake. Alimtazama yule mama. Alipiga moyo konde.

"Sikukubembelezea," alisema. "Nilimchukua. Nilidhani ni mjukuu wangu, yule pale. Nimefika naye mpaka bustanini. Nimegundua alipoamka."

Mama yule aliganda. Kisha alimnyakua binti yake, akamgusa kichwa, mikono, miguu, akamgeuza huku na huku. Mtoto aliona ni mchezo akacheka.

"Mimi nilikuwa nachungulia dirishani!" mama alisema. "Nilikuwa nachungulia, naona kigari kipo!"

"Kilikuwa chetu."

"Ungekuwa baba yangu, mzee, ungenisikia leo." Macho yake yalijaa machozi. "Kwa nini umeniambia? Nisingejua kamwe."

"Ni mtoto wako," Tage alisema. 

Mama aliondoka bila kuaga, amembeba mtoto mkono mmoja, anasukuma kigari kitupu kwa mwingine. Muda si mrefu Karla alitoka mnarani akipiga kelele kwamba ameiona nchi ya Sweden ng'ambo ya bahari, na Esben akisema kwamba Sweden nayo imemwona yeye ikakimbia. Solvej alikuja nyuma. Alimkuta baba yake amesimama wima, mkono juu ya kigari, na mtoto kalala. Uso wa Solvej ukalainika. Tage alifumbua mdomo, lakini Esben alikuwa anawaharakisha kuwahi mashua ya watalii. Nitasema kwenye mashua, Tage alijiambia.

Mashua ilikuwa ndefu, haina paa, na ilipita kwenye mifereji polepole mno, nyumba za njano na nyekundu zikielea kichwa chini majini. Solvej alikaa karibu na baba yake. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi: akaegemeza kichwa begani kwake.

"Baba, nisamehe," alisema. "Kule juu nilikuwa nachungulia chini kila dakika. Kila nikichungulia, kigari kipo pale pale, hakijasogea hata kidogo. Nikajiona mjinga. Esben naye kasema, unataka nini zaidi? Basi tumeamua. Jumatano ni zako."

Kiongozi wa mashua aliwaambia watu wote wainamishe vichwa, daraja ni la chini. Wakainama. Giza lenye ubaridi likapita juu yao, na mwanga wa maji ukicheza kwenye mawe, na katika giza lile Tage alizishika Jumatano zake zote, ng'ombe wanaoruka, sakafu ya dansi, sauti ya mtoto nyumbani mwake. Kisha wakatokea juani.

"Kigari ulichokuwa unakiona kilikuwa na Villads," alisema. "Ni mimi sikuwepo. Nilichukua cha mtu mwingine, nikaenda nacho bustanini. Mtoto wa mama mmoja. Nimeshamwambia mwenyewe."

Kichwa kiliondoka begani. Solvej hakupandisha sauti. "Villads alikuwa peke yake?"

"Peke yake."

"Nilikwambia hapa hapa, Baba. Hapa hapa!"

"Uliniambia."

Solvej alisimama, akamtoa Villads kwenye kigari ingawa bado alikuwa amelala, akaenda naye kukaa mbele kabisa, mgongo wake umewageukia. Esben alitafuta utani, akaukosa. Karla peke yake alisogea akakaa kwenye nafasi iliyobaki tupu.

"Babu, huyo mtoto wa watu alikuwa mzuri?"

"Mzuri. Nywele nyekundu."

"Kuliko Villads?"

"Hapana," Tage alisema, akageuza uso upande wa maji, kwa sababu alikuwa analia.

Jioni treni iliwarudisha nyumbani. Ilizama chini ya bahari, na hakuna aliyewataja samaki. Villads alikuwa amenyonya, amerudishwa kwenye kigari mlangoni mwa behewa, amelala tena. Ilipoibuka juu ya daraja, jua lilikuwa chini sana na bahari yote ilikuwa imelala chini yake, ya rangi ya siagi. Tage aliketi peke yake dirishani. Aliitazama bahari, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuota chochote.

Taa za Nyborg zilipoanza kuonekana, Solvej aliinuka kwenda kuchukua kigari. Pale mlangoni vilikuwa viwili, vyote vya kijivu, vyote na kitambaa cheupe, familia nyingine ilikuwa imepanda njiani. Tage alimwona akinyoosha mkono kwenye cha kwanza. Akausitisha. Akainama, akafunua kitambaa, akachungulia, akamkuta mtoto wa watu. Akahamia cha pili, akachungulia. Kisha akasimama katikati ya vile vigari viwili muda mrefu, treni ikipunguza mwendo, kichwa ameinamisha.

Shingoni alikuwa na skafu ya njano. Akaivua. Akaifunga kwenye mpini wa kile cha pili, akavuta, akaongeza fundo juu ya fundo, lile fundo la mama yake ambalo hakuna aliyewahi kulifungua bila kutumia meno.

"Baba," aliita bila kugeuka. "Njoo."

Tage alikwenda. Solvej alimshika mkono akauweka juu ya kitambaa, akaubana hapo. Macho yake yalikuwa bado na hasira, na yalikuwa yamelowa.

"Jumatano saa moja asubuhi," alisema. "Ukiona njano, sukuma."

Milango ikafunguka. Tage akafungua breki. Akasukuma.